Kuasili mtoto kusingoje msimu wa korosho

Mhariri,

Naandika kutoka Masasi. Mimi na mume wangu tunalea mtoto wa kike aliyekabidhiwa kwetu na ustawi wa jamii akiwa bado hajaanza kutambaa. Sasa anakimbiza kuku wa majirani. Wiki iliyopita tukiwa bombani, mama mmoja aliniuliza, wala hakuwa na nia mbaya: "Hivi huyu mlimnunua bei gani?" Swali hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Hakununuliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumlipa mzazi au yeyote yule ili apewe mtoto. Afisa ustawi aliyekuja kutukagua hakudai hata senti. Aliketi mkekani, akauliza mtoto atalala wapi na choo kiko upande gani, akaenda kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa. Hata hivyo kumwasili, yaani kumfanya awe mtoto wetu kisheria, kumetutoa pesa, na wenye kipato kama chetu wanastahili kuambiwa zimekwenda wapi.

Nimeziandika nyuma ya daftari langu la kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Picha, viapo, kutoa nakala za vyeti: hizo ni elfu chache chache. Mzigo ni wakili na barabara. Shauri la kuasili halifunguliwi mahakama ya mwanzo wala ya wilaya, ni la Mahakama Kuu, na sisi ilibidi tuifuate Mtwara mjini. Kutoka hapa kupitia Ndanda, Mtama na Mingoyo ni kama kilomita 200. Nauli ni kama elfu kumi kwa mtu, kwenda tu. Ukijumlisha watu wazima wawili, chumba cha kulala na maziwa ya mtoto, kila safari ilitumeza elfu themanini, na tumekwenda mara tatu. Wakili alitaka laki nane. Nashukuru alikubali tulipe kwa mafungu matatu, la mwisho baada ya minada ya korosho kuanza.

Hapo kwenye msimu ndipo penye kidonda. Mkulima wa huku pesa yake huiona kuanzia Oktoba, mnada ukishafanyika na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikilipa. Karatasi za kuasili hazijui hilo. Zetu zilianza kudai Mei, wakati ambao tunatafuta mafuta ya mashine ya kupulizia mikorosho. Mtu wa kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa magendo nje ya mnada, alikuja na bakuli lake la kupimia hadi mlangoni, akitaka kutupa pesa taslimu kwa korosho ambazo hazijaonekana hata ua. Tulikesha tukibishana. Mume wangu alitaka tukubali. Mimi nikasema tukiuza mavuno yake kabla hajavaa sare ya shule, tutamsomesha na nini? Nikakopa laki tatu kwenye kikoba, kwa riba ya asilimia kumi.

Nikaenda pia kwa mjomba wangu. Sisi Wamakua mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba halipiti hivi hivi. Akaniambia: "Wewe mwenyewe umelelewa na mama yako mkubwa. Nani alikwenda mahakamani?" Kweli, hakuna aliyekwenda. Nikamjibu: "Mjomba, mimi nilikuwa na ukoo mzima nyuma yangu. Huyu nyuma yake hana mtu. Tukifa mimi na mwenzangu, nani atasimama kusema mikorosho ile ni yake?" Alinyamaza akichora chini kwa fimbo. Mwezi uliofuata, alipouza ufuta, alinitumia elfu hamsini kwenye simu bila neno lolote.

Ndivyo familia ya kawaida inavyolipa, Mhariri. Hakuna akiba iliyowekwa kwa ajili hiyo. Ni mkopo wa kikoba, ufuta wa mjomba na huruma ya wakili. Ukikosa kimoja, mtoto anaendelea kuishi kwako bila karatasi, na najua nyumba zinazoishi hivyo.

Kwa hiyo naomba wabunge wa Mtwara na Lindi walifikishe jambo hili bungeni: mwananchi anayeasili mtoto aliyekwisha kukabidhiwa na ustawi, shauri lake lisikilizwe mahakama ya wilaya anakoishi. Hakimu wa wilaya anaweza kumwita afisa ustawi yuleyule aliyeingia nyumbani kwetu. Wakati tunasubiri, wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wawatembelee walezi vijijini na kuwaelekeza nyaraka zipi ziandaliwe, ili mtu asitumie nauli kwenda kuambiwa arudi na cheti alichokiacha sandukuni.

Kikoba chetu hakikusubiri. Jumapili iliyopita tulikubaliana kwamba mwanachama mwenye shauri la kuasili atakopeshwa kutoka mfuko wa jamii bila riba, na atarejesha baada ya mauzo ya korosho. Mimi nilishakopa kwa riba, sikudai kurudishiwa. Kuna dada mmoja katika kundi letu analea watoto wawili wa kiume, na yeye ndiye atakayeanza.

Na yule mama wa bombani, au mwingine yeyote mwenye swali kama lake, aje nyumbani. Daftari lipo, nitamsomea mstari kwa mstari.

Mama mlezi,
Masasi, Mtwara