Jiwe halikuwa feki, liliogeshwa asidi

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mbezi Beach, Dar es Salaam, alinipigia simu saa mbili usiku. Shikamoo yangu sikuimaliza. "Mmeniuzia jiwe feki. Bafu halijamaliza hata mwezi, limekuwa kama limemwagiwa unga!" Picha alikuwa ameshazirusha kwenye kundi la WhatsApp la majirani, jina la karakana yetu ya marumaru likiwa juu yake. Asubuhi nikaenda mwenyewe na kijana wangu mmoja, nikiwa nimebeba kipande cha jiwe hilohilo kilichobaki tulipomkatia.

Sakafu yake ni Carrara, jiwe jeupe la marumaru lenye mishipa ya kijivu linalotoka Italia, tulilomkatia vipande vya sentimita 60 kwa 60. Kuanzia mlangoni hadi chini ya shawa mng'ao ulikuwa umekufa. Lakini nyuma ya kabati la sinki, ambako tambara halikufika, jiwe lilikuwa linang'aa vilevile kama siku lilipotoka kwetu. Nikaomba limau. Nikakamua tone moja juu ya kile kipande changu, tukachuchumaa sote watatu tukiangalia. Vipovu vidogo sana vikaanza kupanda. Baada ya dakika tano nikafuta, pakabaki duara lililofifia, kubwa kama sarafu, kavu na lisilo na uhai kama sakafu yake. Mama akaniangalia, akaangalia sakafu. Nikamuuliza fundi aliyebandika aliosha kwa kitu gani alipomaliza. Akampigia palepale. Fundi hakuficha: aliosha kwa spiriti ya chumvi, ile asidi kali, kutoa mabaki ya grauti ya kujazia maungio, kama anavyoosha kazi zake zote.

Malalamiko ya namna hii nayapata kila baada ya miezi michache, ndiyo maana nimeona niandike. Jiwe letu si feki. Kinachotokea ni kwamba mteja ananunua jiwe, halafu anaokoa pesa ya kubandika kwa kumpa kazi fundi wa tailizi. Na fundi wa tailizi, hata awe hodari namna gani, anafanya kile alichozoea kwenye tailizi.

Neno lenyewe, marumaru, linatuponza. Hapa Tanzania ukisema marumaru, watu wengi wanaelewa tailizi. Hata kwenye makadirio ya ujenzi utakuta imeandikwa "kuweka marumaru" na kinachokusudiwa ni vigae vya kiwandani, udongo uliochomwa na kupakwa rangi juu. Kigae kile hakisikii asidi. Marumaru halisi ni ndugu wa chokaa. Watu wa pwani wanaijua chokaa, wamechoma matumbawe vizazi na vizazi wakajengea nyumba. Tumbawe, ganda la yai, simbi za pwani na jiwe la Carrara vyote ni kalsiamu kaboneti. Tofauti ni kwamba marumaru lilifukiwa ndani sana ardhini, likapikwa kwa joto na mgandamizo mpaka chembe zake zikashikana upya. Hata kwetu lipo: Morogoro lipo, na kule Mahenge madini ya vito yaitwayo spineli yanapatikana ndani ya miamba ya marumaru. Kenya lipo Kajiado. Na lote, la Italia na la kwetu, likikutana na asidi linaliwa.

Kwa hiyo siki, limau, dawa ya choo yenye asidi na spiriti ya chumvi ni marufuku. Doa na jiwe lililoliwa ni vitu viwili. Doa ni kitu kilichoingia ndani, mafuta au hina au kutu, na mara nyingi tunaweza kulivuta litoke. Jiwe lililoliwa limepoteza ngozi yake. Hapo hakuna sabuni itakayosaidia, ni kusugua upya. Kwa yule mama tulianza na padi za almasi namba 200, tukaenda 400, 800, 1500, hadi 3000, kisha unga wa kung'arishia, siku tatu vijana wawili wamepiga magoti. Gharama ya siku hizo tatu ilizidi pesa aliyookoa kwa kutotuita kubandika. Amelipa, na picha mpya amezituma kwenye lile kundi, namshukuru.

Asidi walau inatibika. Kinachoniuma zaidi ni kubandika vibaya, kwa sababu hapo jiwe halirudi.

Kuna nyumba Kigamboni tuliitwa sakafu ya bafu ikiwa na miezi mitano. Jiwe la krimu, zuri sana, limetoka madoa ya manjano, kwenye maungio unga mweupe unachomoza, na karibu na mlango pembe mbili zimepasuka. Nikagonga kwa mpini wa nyundo: ko, ko, ko, tupu kabisa. Fundi alikuwa ameweka madongo matano ya saruji nyuma ya kila kipande, moja kila pembe na moja katikati, akabonyeza. Kwingine kote ni hewa. Maji ya kuogea yanakaa humo, yanarudi juu kupitia jiwe yakiwa yamebeba chumvi ya mchanga na rangi ya saruji ya kijivu. Jiwe la rangi nyepesi linanyonya, si kama kigae. Tulijaribu kung'oa vipande vizima, tukapata vinne tu. Vingine vyote vilivunjika, na ile shehena ya jiwe ilikuwa imeshakwisha, kwa hiyo hata rangi ya kufanana haikupatikana. Mwenye nyumba alinunua sakafu mara mbili.

Jiwe jeupe au la krimu linabandikwa kwa gundi nyeupe au saruji nyeupe, linasambazwa kwa mwiko wa meno sakafuni na kupakwa mgongoni mwa jiwe pia, pasibaki uwazi hata wa kidole. Kabla ya hapo sakafu inapakwa dawa ya kuzuia maji, na pembeni dawa inapanda ukutani. Kisha tunaziba tundu la kutolea maji, tunajaza maji, tunaacha saa 48. Hapo ndipo wateja wengi wanapochukia. "Siku mbili mnaangalia maji?" Ndiyo, bosi, tunaangalia maji. Yakishuka hata kidogo, bora tujue sasa kuliko dari ya sebule yako ikatuambia baadaye. Sakafu ya shawa tunaiinamisha sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na hilo linapimwa kwa pima maji, halikadiriwi kwa jicho.

Halafu kuna kupanga kavu. Mawe yote yanalazwa chini kwenye turubai kabla ya gundi kufunguliwa, tunayazungusha mpaka mishipa iende vizuri, tunayaandika namba kwa chaki. Kwa bafu la kawaida kazi hiyo pekee inakula nusu siku, na ninaifanya mimi mwenyewe. Jiwe halijachapwa rangi kiwandani, kila kipande kina sura yake, na ukikitupa popote utapata bafu la viraka.

Sasa mitindo, maana mnaniuliza sana.

Wengi mnaleta picha ya ukuta mweupe wenye mishipa mikubwa inayofunguka kama mbawa za kipepeo. Hayo ni mabamba mawili yaliyofuatana kwenye jiwe moja, yakafunguliwa kama kurasa za kitabu, mshipa wa kushoto ukakutana na wa kulia. Mara nyingi ni Calacatta, jiwe la milima ileile ya Carrara lakini mishipa yake ni mipana na lenyewe ni adimu zaidi, ndiyo maana bei yake inapaa. Bamba la unene wa sentimita mbili lina kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba. Bamba la mita tatu kwa mita moja na sentimita themanini lina kilo 290 hivi. Ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, watu sita, na likigonga pembe moja ule mchoro umekufa, kwa sababu bamba mwenzake hana pacha mwingine duniani. Ukiona bei yetu ya ukuta huo, fikiria hizo ngazi.

Nyeusi na nyeupe za mrabamraba ni mtindo wa zamani na bado ninaupenda kuliko yote. Jiwe jeusi linalotumika sana ni Nero Marquina la Hispania, lenye mishipa myeupe kama radi. Ukilaza kwa mshazari, bafu dogo linaonekana pana. Shida yake ni maji yetu. Nyumba nyingi za Dar zinatumia kisima, na maji mengi ya kisima yana chokaa na chumvi. Kila tone likikauka juu ya jiwe jeusi linaacha alama nyeupe. Kaka mmoja wa Madale nilimwambia hayo akaniona namkatisha tamaa, akataka jeusi tupu sakafu na ukuta. Baada ya miezi miwili ukoko ulikuwa kama ule wa ndani ya birika. Mtu akamshauri siki, kwa kuwa siki inatoa ukoko wa birika. Inatoa kweli. Ila ukoko ule na jiwe lake ni kitu kimoja, na siki haijui pa kuishia. Jeusi likawa kijivu. Tangu tulipolisugua upya ana mpira wa kukaushia vioo umening'inia pale shawa, kila anayeoga anavuta maji chini ukutani kabla ya kutoka. Hiyo ndiyo dawa pekee ya jiwe jeusi na maji ya kisima, na watoto wake wameizoea.

Krimu, kama Crema Marfil la Hispania, ndilo linalosamehe zaidi. Vumbi, ukoko, alama za vidole, vyote havionekani haraka. Kwa nyumba ya kupangisha nashauri hilo.

Wale mnaotaka kijani, lile la India, mniambie mapema. Wauzaji wanaliita marumaru, lakini ni jiwe la ukoo mwingine, na baadhi ya aina zake zikikutana na gundi ya kukorogea maji zinajikunja kama ubao uliolowa. Hilo linabandikwa kwa gundi ya epoksi, ambayo ni ghali na inakauka haraka mkononi. Tuliwahi kuona vipande vimeinuka pembe usiku mmoja tu baada ya kubandikwa na watu wengine.

Na si lazima jiwe lipande mpaka dari. Mzee mmoja wa Tanga, mwalimu mstaafu, alikuja na bajeti ndogo na aibu nyingi. Nilimwambia, mzee wangu, hapa hakuna aibu. Tulimwekea Carrara nusu ukuta, mita moja na sentimita ishirini tu, juu tukaacha plasta laini yenye rangi ya kuhimili unyevu. Sakafu tukamwaga terazo: saruji nyeupe na chipsi za marumaru tulizoponda kutoka mabaki ya karakana, tukasugua hadi zikafunguka kama ufuta juu ya mkate. Lile bafu nimelionyesha kwa wateja wengi kuliko kazi zetu zote za gharama kubwa.

Jambo la kuteleza halina mjadala kwetu. Jiwe lililong'arishwa kama kioo tunaliweka ukutani. Sakafu ya shawa tunaweka lililosuguliwa bila kufikia mng'ao, au vipande vidogo vya mozaiki vyenye maungio mengi ya kushika unyayo. Tumewahi kukataa kazi kwa ajili ya hilo, mteja alitaka sakafu ing'ae na mama yake mzazi wa miaka themanini ndiye angeoga humo.

Bei yetu ya kubandika ni kubwa kuliko ya fundi wa tailizi, hilo nalisema waziwazi. Ndani yake kuna siku mbili za maji, nusu siku ya kupanga kavu, gundi nyeupe, mikono miwili ya dawa ya kuziba vitundu vidogo vya jiwe, na kurudi kwangu baada ya miezi sita kukagua. Dawa hiyo haizuii asidi, inazuia madoa tu. Kuijua kama bado ipo, dondosha maji kidogo usubiri dakika kumi na tano. Yakibaki yamesimama kama shanga, sawa. Jiwe likikoza rangi chini ya tone, lipakwe tena. Kuosha ni maji na sabuni ya maji isiyo na asidi wala chembe za kukwaruza, halafu tambara kavu. Na weka mkeka mlangoni: marumaru ni 3 tu kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, mchanga wa kwenye ndala ni 7.

Ukija karakanani, njoo na vipimo vya bafu, picha za ngazi na mlango, na chupa moja ya maji unayoogea. Tutayachemsha kwenye sufuria yetu mpaka yakauke, tuone yanaacha nini chini, ndipo tuzungumze rangi.