Kwa Athumani sonara, kutoka Cairo

Cairo, Desemba 2025

Sahibu yangu Athumani,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, masomo yanasukumwa hivyo hivyo, na baridi ya huku imeanza kuuma. Ulinilaumu kwamba mwaka wa tatu sasa naishi nchi ya mafirauni na sijakuandikia neno juu ya dhahabu yao, nawe sonara mtoto wa sonara. Haya, leo umepata. Jumamosi nilikwenda makumbusho ya zamani pale Tahrir.

Najua utaniuliza Tutankhamun, yule firauni wa barakoa ya dhahabu. Hayupo tena pale. Barakoa yake na vitu vya kaburini mwake, zaidi ya 5,000, vimehamishiwa Giza kwenye makumbusho mapya yaliyofunguliwa rasmi Novemba, karibu na piramidi. Watu wamemfuata huko, Tahrir pamepoa, na mimi nilishukuru, maana nilipata nafasi ya kusimama nitakavyo mbele ya mtu ambaye sikuwahi hata kumsikia: Psusennes wa Kwanza. Alitawala yapata miaka elfu moja kabla ya Nabii Isa, akazikwa Tanis, kule kaskazini ambako mto Nile unagawanyika kuelekea baharini.

Jeneza lake ni la fedha. Si la kuchovya. Fedha yenyewe, kutoka utosini mpaka kwenye nyayo, na uso umefuliwa ukatulia kama wa mtu aliyelala baada ya kushiba. Kwenye paji la uso tu ndipo palipotiwa utepe wa dhahabu na swila wa dhahabu ameinua kichwa. Sisi tumezoea kuiweka dhahabu juu na fedha chini. Wenzetu hawa dhahabu walikuwa nayo, ya majangwa yao na ya Nubia, lakini fedha ilibidi iletwe kutoka Asia. Walisema miungu nyama yao ni dhahabu, mifupa yao ni fedha, na nywele ni lile jiwe la buluu la lapisi lazuli, nalo lilisafiri kutoka milima ya Afghanistan. Kwa hiyo mzee huyu alijivika mifupa ya miungu nje, na ndani akajifunika uso kwa nyama yao.

Barakoa hiyo ya ndani ndiyo iliyonigandisha. Ni bati jembamba la dhahabu, vipande viwili vilivyofuliwa na kuunganishwa kwa lehemu na misumari midogo, na kiungo hukioni ukisimama mbele. Nilikukumbuka unavyohangaika na lehemu yako, unapuliza, unatukana, unapuliza tena. Halafu vidole! Kila kidole cha mkono na cha mguu kimevikwa kifuniko chake cha dhahabu, vyote ishirini, na juu ya kila kimoja fundi amechora ukucha. Nani angeziona hizo kucha? Na ndara pia, za dhahabu.

Kitu kimoja kilinichekesha peke yangu mpaka mlinzi akaniangalia. Jeneza hilo la fedha lilikuwa ndani ya sanduku la jiwe jeusi, nalo ndani ya sanduku kubwa la jiwe jekundu, na yote mawili ni mtumba. Lile jekundu lilichongwa kwa ajili ya Merneptah, mtoto wa Ramses wa Pili, zaidi ya miaka 150 kabla. Jina la mwenyewe wa kwanza likafutwa, likaandikwa la Psusennes, ila mahali pamoja jina la Merneptah lingalipo. Firauni mzima kwenye mtumba.

Maiti yenyewe haikusalia, ni mifupa tu, kwa sababu Tanis ni nchi ya maji na unyevu. Mbao zimeoza, nguo zimeoza. Kilichobaki ni jiwe na madini. (Na yule mumiani tuliyetishwa naye utotoni, kumbe neno lake lina nasaba na jina la maiti hawa hawa wa Misri.)

Sasa kwa nini hatumjui? Wakati tu ulimkataa. Mfaransa Pierre Montet alianza kuchimba Tanis mwaka 1929, akayafikia makaburi ya wafalme Februari 1939. Siku chache baadaye Howard Carter, aliyemfukua Tutankhamun, akafariki London. Chumba cha Psusennes kikafunguliwa Februari 1940, na Mei ya mwaka huohuo majeshi ya Hitler yakaingia Ufaransa. Nani angesoma habari za jeneza? Vitu vikapelekwa Cairo kimyakimya.

Ndani ya kaburi hilo hilo Montet alimkuta mfalme mwingine, Amenemope, kwenye chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya mke wa Psusennes. Na huyu ndiye aliyenifanya nikuandikie wewe na si mtu mwingine. Kati ya vitu vyake kulikuwa na bangili ya dhahabu yenye ushanga mmoja wa lapisi lazuli. Wezi wa makaburi hawakuiona kwa karibu miaka elfu tatu. Septemba iliyopita ilitoweka kwenye kasha la maabara ya makumbusho haya haya, wakati vitu vinaandaliwa kwenda kwenye maonyesho Roma. Wizara ya mambo ya ndani ilieleza kwamba mtumishi wa maabara aliichukua, akampelekea muuza vitu vya fedha anayemfahamu, ikauzwa kwa pauni za Misri 180,000, ikauzwa tena kwa 194,000, kisha ikatiwa tanurini pamoja na vyuma chakavu vya dhahabu vya watu wengine.

Nilifanya hesabu, sahibu. Mkononi mwa aliyeuza mara ya pili, faida ilikuwa pauni 14,000. Nilibaki nimesimama pale nikimwaza yule aliyeishika koleo. Yeye kaletewa dhahabu, kaipima, kaiyeyusha, kama wewe ufanyavyo kila siku ya Mungu. Je, aliigeuzageuza kwanza? Wewe ungejua? Uniambie kweli, usinifurahishe. Hivi dhahabu ya zamani namna ile ina rangi yake, au ikishafika kwenye mizani yote ni gramu?

Na nimekumbuka kile kikuku cha bibi yenu, kile chenye miiba, ulichosema kitayeyushwa Mwanaisha apate mkufu wa harusi. Mmeshakitia motoni? Kama bado, kipige picha pande zote, na ndani pia palipochakaa kwa mguu wake, unitumie. Harusi si mpaka Machi.

Msalimie mzee, umwambie nimeona lehemu ya miaka elfu tatu isiyoachia.

Ndimi sahibu yako,
Bakari