Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu na wazazi wetu, shikamooni. Wanafunzi wenzetu, mambo.

Mwaka huu klabu yetu tumeng'ang'ana na kitu kimoja tu, usumaku wa chembechembe ndogo sana za metali na oksidi zake. Yaani nanomita 10, 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), wakati unywele mmoja unene wake ni kama 80,000.

Mheshimiwa, ile bika pale mezani ndo kazi yenyewe. Tunachanganya kloridi mbili za chuma, ya chuma (III) sehemu mbili na ya chuma (II) sehemu moja, tunadondoshea amonia na papo hapo inageuka nyeusi tii, hiyo ndo magnetiti, oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku. Ukiweka sumaku ubavuni mwa bika weusi wote unahamia upande huo maji yanabaki safi, ukiitoa ukatikisa unasambaa tena. Chembe ikiwa ndogo hivo joto la chumbani tu linatosha kuugeuzageuza usumaku wake, so sumaku ikiondoka hazishikani tena, tofauti na msumari uliosuguliwa na sumaku, wenyewe unabaki nao.

Faida yake kubwa ni maji. 2006 watafiti wa Rice University, Marekani, walionesha chembe hizi zinanasa aseniki, ambayo ni sumu, kwenye maji halafu zinavutwa nje kwa sumaku, na kwa wanaokaa jirani na machimbo ya dhahabu hili si dogo kabisa maana aseniki mara nyingi inakaa kwenye miamba hiyohiyo.

Sumaku tunayotumia tumeitoa kwenye diski ya kompyuta mbovu, na diski nazo zina deni kwa chembe hizi. 1956 Meiklejohn na Bean wa General Electric walichukua chembe za kobalti zilizovikwa oksidi yake, wakazipooza ndani ya uga wa sumaku, wakakuta ile oksidi inaushikilia usumaku wa kobalti uelekee upande mmoja, kuugeuza ni kazi. Baadaye mbinu hiyo ikaingia kwenye vichwa vya kusomea data ndani ya diski.

Changamoto zetu: maabara haina feni ya kutoa hewa na amonia inachoma macho kwelikweli, mizani ni ya zamani, na darubini yetu haiwezi kuona nanomita 20. Tunaomba feni, mizani ya kidijitali, na utuunganishe na chuo kikuu chenye darubini ya elektroni tupeleke unga wetu tujue ukubwa wake halisi.

Naomba kuwasilisha.