Kabla ya Kuubomoa Mfumo wa Zamani, Toboa Dirisha

Sisi huunganisha mifumo ya kompyuta ya zamani na mipya, na wateja hutujia wakiwa wameshaamua: "Tuondoleeni hili likompyuta la kizamani." Ukilifungua, unakuta rekodi za mizigo za miaka ishirini, na karani mmoja anayelijua nje ndani.

Sisi hatuna haraka ya kubomoa. Duka la jumla pale sokoni Marikiti, mnunuzi haingii stoo kupekua magunia. Anasimama kaunta, anataja anachotaka, muuzaji ndiye ajuaye kilipo. Kiolesura sanifu, yaani njia moja iliyokubaliwa ya programu kuulizana na kujibiana, ndiyo kaunta hiyo. Programu ya uhasibu, simu ya dereva, tovuti ya mteja, zote ziulize kwa njia moja, na mara nyingi HTTP (lugha ya kuombana data mtandaoni) na JSON (namna ya kuipanga data hiyo kwa maandishi) zinatosha. Aliye nje hana haja ya kujua kwamba stoo ni FoxPro, programu ya zamani ya hifadhidata.

Na msicheke FoxPro. Microsoft iliacha kuihudumia Visual FoxPro Januari 2015, ila ghala moja la Shimanzi, Mombasa, tulilikuta linaitegemea kutwa. Hapo ndipo tulipoteleza. Tuliandika moja kwa moja kwenye faili za DBF, zinakokaa rekodi za FoxPro, bila kuigusa faili ya fahirisi, ile orodha ambayo programu hutumia kutafutia rekodi. Karani akitafuta kontena, halionekani, na limo! Tulikuwa na siku mbili za aibu. Tangu hapo kiolesura chetu huanza kwa kusoma tu. Cha kuandikwa hukaa foleni, kikaingizwa kupitia programu ya zamani yenyewe.

Lakini wasanifu wenzangu, kuunganisha ndiyo sehemu nyepesi. Kazi ni maana. Safu imeandikwa TAR: ni tarehe meli ilipotia nanga au mzigo ulipotoka getini? Na 03/04/98 ni Machi au Aprili? Hilo halimo kwenye msimbo, limo kichwani mwa karani. Akishajibu, kiolesura kinatoa 1998-04-03 kwa kila anayeuliza, mwaka, mwezi, siku, kama ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, inavyotaka. Namba za kontena zina nafuu: chini ya ISO 6346, kanuni ya kimataifa ya namba hizo, ni herufi 4, tarakimu 6, kisha tarakimu moja ya kuhakiki, inayokokotolewa kutokana na hizo za mwanzo. Tunazipigia hesabu zote. Zinazokataa tunampelekea karani, hatuzirekebishi kimyakimya.

Ukija kwetu, leta nakala ya data, si data yenyewe. Na karani uje naye, chai na mahamri juu yetu.