Risala ya klabu yetu ya kupambana na dawa za kulevya kwa mgeni rasmi, siku ya mahafali

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzangu, itifaki naomba ihesabike imezingatiwa maana nikianza kumtaja kila mmoja kwa cheo chake muda utaisha na ombi letu litabaki kwenye karatasi kama yalivyobaki mengine.

Kwanza asante sana kwa kuja. Na tunaposema kuja tunamaanisha kuja wewe mwenyewe, kwa sababu tumeshawahi kupokea mwakilishi wa mgeni rasmi, akasikiliza risala yote kwa utulivu mkubwa, halafu akasema yeye hana mamlaka ya kuahidi chochote ila atafikisha. Mpaka leo hatujui alifikisha wapi.

Historia ya klabu ni fupi. Ilianzishwa na wanafunzi wachache waliokuwa wanakutana baada ya vipindi, ikapata mlezi, mlezi akahamishwa, ikapata mwingine, na sisi ndo tuliopo. Mengine yako kwenye faili.

Mafanikio ni makubwa mno. Tuna gazeti la ukutani ambalo linasomwa na shule nzima kila siku, tumelibandika njia ya kwenda vyooni hivyo hamna anayeweza kulikwepa. Tumeandaa igizo lililogusa mioyo ya watu wengi hata baada ya spika kuzima katikati. Tumeshiriki mdahalo na shule za nje na tukashika nafasi ya pili, ni kweli shule zilikuwa mbili lakini ushindani ulikuwa mkali. Na kikubwa kuliko vyote tumejisomea wenyewe, kwa vitabu vya kuazima, jinsi dawa za kulevya zinavyofanya kazi kwenye ubongo, na hapo ndipo ombi letu la leo lilipotoka kwa hiyo tunaomba uvumilivu wako kidogo.

Mheshimiwa, wengi wanaamini anayetumia dawa za kulevya hana adabu tu, basi akichapwa au akitishwa adabu itarudi. Ubongo hauendi hivyo. Una seli za neva zipatazo bilioni 86 na zinaongea kwa kemikali, na kila dawa ya kulevya inaingilia hayo maongezi kwa namna yake. Heroini ikifika kwenye ubongo inageuka kuwa mofini na kukaa kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali, ambavyo mwili uliviweka kwa ajili ya kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, na vipokezi hivyo viko pia kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi, ndo maana aliyezidisha anaonekana kalala tu kumbe anaacha kupumua. Kokeini inaziba njia ya kurudisha dopamini, kemikali tutakayoieleza mbele kidogo, kwenye seli iliyoitoa, hivyo dopamini inajazana. Pombe inaipa nguvu GABA ambayo ni kemikali ya kupoza ubongo na wakati huo huo inaibana glutamati inayouamsha, na kati ya vitu vinavyopozwa mapema ni uwezo wa kujizuia, sasa mtu mnamwona kachangamka na anaongea sana mnasema pombe imemwamsha.

Bangi nayo kemikali yake kuu ni THC, iliyotengwa na kutambuliwa mwaka 1964 na wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, na vipokezi vyake vimejaa kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, kwa hiyo mwenzetu akivuta asubuhi kipindi cha hesabu kinapita na yeye yupo, daftari lipo, ila hamna kilichoingia. Na anayeanza mapema na kuvuta sana anajiongezea hatari ya kuchanganyikiwa akili, hasa kama kwenye familia yao ugonjwa huo upo. Gundi ya kunusa ndo inadharauliwa kuliko zote kwa sababu inauzwa wazi, wakati inaweza kuvuruga mapigo ya moyo mtu akafa pale pale, hata kama ni mara yake ya kwanza. Kafeini ya kwenye chai na kahawa pia imo kwenye kundi hili la vitu vinavyogusa ubongo, inaziba adenosini inayoleta usingizi, lakini leo hatujaja kumshtaki mwalimu yeyote.

Sasa kuhusu dopamini. Watu wanaiita kemikali ya raha lakini kazi yake kubwa ni kuufundisha ubongo kwamba hiki kitu ni muhimu, kikumbuke, kirudie. Mwaka 1954 watafiti James Olds na Peter Milner waliwawekea panya waya mdogo ndani ya ubongo, panya akikanyaga kitufe anapata umeme kidogo kwenye sehemu ya ubongo inayoitwa ya malipo, ile inayosema hiki ni kizuri, na panya wale wakawa wanakanyaga tu tena na tena. Hakuna aliyesema panya wale hawakulelewa vizuri. Dawa za kulevya zinagusa njia hiyo hiyo, tena kwa nguvu kuliko mambo ya kawaida ya maisha, na ubongo ukipigiwa kelele kila siku unaziba masikio, vipokezi vinapungua, na matokeo yake mpira hauna ladha, masomo hayana ladha, marafiki hawana ladha, na hata ile dawa yenyewe haileti tena stimu ya mwanzo, mtu anatumia ili tu asipate arosto. Mzazi anaona mtoto kawa mkali na mvivu anadhani ni kiburi.

Na akiacha, mambo hayaishii hapo. Anaweza kukaa miezi bila kugusa kitu, siku akipita mahali alipokuwa anavutia au akimwona tu yule aliyekuwa anamuuzia, hamu inarudi kama jana. Hiyo ni kumbukumbu iliyojengwa kwenye neva, huwezi kuifuta kwa kiboko. Halafu sehemu ya mbele ya ubongo, hii ya nyuma ya paji la uso inayopima madhara na kusema subiri kwanza, inakomaa mtu akiwa na miaka kama 25 hivi, maana yake sisi wote tuliokaa hapa na sare bado haijakamilika. Hatusemi hivyo ili tusamehewe kila kitu, tunasema ili mjue mnashughulika na nini.

Mheshimiwa, tuje kwenye kinachotuuma. Hapa shuleni mwenzetu akikamatwa anasimamishwa masomo anarudi nyumbani. Yaani anatolewa sehemu yenye kengele, walimu na ratiba, anapelekwa kukaa mchana kutwa bila kazi karibu kabisa na alipokuwa anapata hiyo dawa. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka vita vya Vietnam mwaka 1971, wengi walikuwa wametumia heroini kule na karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu, watu wakategemea balaa, lakini waliporudi kwao wengi sana waliacha, na kati ya waliokuwa waraibu ni kama asilimia 5 tu waliorudia uraibu ndani ya mwaka wa kwanza. Sababu ziko nyingi ila kubwa mojawapo ni kwamba waliondoka kwenye mazingira ya dawa na kurudi kwenye maisha yao. Sisi tunafanya kinyume chake halafu tunashangaa mtu akirudi kavurugika zaidi. Wengine hawarudi kabisa.

Tunajua jibu linalotolewa, kwamba semina zinaletwa. Zinaletwa kweli na tunashukuru. Ila Marekani walianza mpango wa DARE mwaka 1983 kule Los Angeles, polisi wakaingia madarasani kufundisha watoto kukataa dawa, ukasambaa nchi nzima, na tafiti zilizokuja kuwafuatilia wale watoto zikakuta tofauti ndogo sana au hamna kabisa kwenye matumizi. Kumtisha mtu saa moja kwa mwaka hakushindani na ubongo uliofundishwa kila siku. Mwaka huo huo wa 1983 mwanasaikolojia William Miller aliandika kuhusu namna nyingine ya kuongea na mtu mwenye tatizo la pombe, unamuuliza na kumsikiliza mpaka yeye mwenyewe aseme kwa nini anataka kuacha, badala ya kumhubiria. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea.

Kwa hiyo tunaomba mshauri nasaha. Mmoja. Mwenye mafunzo, wa kudumu, anayekaa hapa shuleni wiki nzima, sio anayepita na gari na kuondoka kabla ya mapumziko. Walimu wetu wanajitahidi lakini mwalimu huyo huyo anayefundisha, anayesahihisha na anayeshika fimbo, nani ataenda kumwambia navuta? Na kuna mambo ambayo nia njema peke yake haitoshi. Mtu aliyezoea pombe nyingi kwa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, huyo anatakiwa hospitali, hafungiwi chumbani ajifunze. Aliyeacha heroini kwa muda mwili wake unapoteza ule uzoefu wa kuihimili dawa, akirudia kipimo cha zamani kinaweza kumuua. Mshauri anayajua haya, sisi na gazeti letu la ukutani tunayajua nusu nusu.

Ombi hili sio jipya kwako pengine, kwetu ni la miaka. Mgeni rasmi mmoja alisimama hapo ulipokaa akasema hili nimelichukua, tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Aliyemfuata tulipomkumbusha alisema lipo kwenye mchakato. Mwingine, Mungu ambariki, alizindua kabisa chumba cha ushauri, akakata utepe, tukapiga picha, mshauri hakuja, na sasa chumba kimejaa madawati mabovu na utepe bado unaning'inia mlangoni. Mwingine alituletea fulana zenye picha ya fuvu, ni nzuri na leo tumezivaa kama unavyoona, ila hamna aliyewahi kuacha bangi kwa sababu ya fulana.

Chumba basi tunacho, madawati tutayatoa wenyewe hata kesho. Tunachohitaji kutoka kwako ni mtu, na mlango wa kile chumba upate kitasa maana hamna atakayeongea siri mlango ukiwa wazi. Tunaomba pia utuombee kwa uongozi kwamba mwanafunzi atakayekwenda mwenyewe kuomba msaada asiandikwe kwenye kitabu cha makosa, vinginevyo huyo mshauri atakuwa anasoma magazeti. Na tusidanganyane, atakaowasaidia wengine watarudia, kurudia kwenye uraibu ni asilimia 40 hadi 60, inakaribiana na watu wa presha na pumu wanaoacha kufuata matibabu, na hao hatuwafukuzi hospitali. Kwa hiyo tusije kuulizwa baada ya muhula mmoja mbona bado wapo.

Hatuombi kompyuta leo, hatuombi jezi, hatuombi projekta. Tulikuwa nazo kwenye risala tukazifuta ili usije ukachagua ile rahisi.

Kitabu cha wageni kiko mezani mbele yako, ukurasa tumeshaufungua, na sehemu ya maoni tumeigawa kwa mstari mara mbili, upande mmoja maoni ya kawaida na upande wa pili tarehe ya mshauri kuripoti. Kalamu inaandika, tumeijaribu. Tutashukuru ukianza na upande wa pili.

Ni sisi wanaklabu. Imesomwa na katibu, nakala moja anayo mkuu wa shule na nyingine tumebaki nayo.