Ligi ya Vikosi vya Zamani: mpangilio kabla ya Jumamosi

Habari za jioni wanaligi. Jumamosi saa 2 usiku, kwenye programu yetu ya besiboli ya kompyuta, Cubs wa 1906 wanakutana na Yankees wa 1927, mechi 7, wa kwanza kushinda 4 anasonga mbele.

Kubwa kuliko yote: washeni marekebisho ya wastani wa msimu. Bila hayo programu inachukua takwimu ghafi, na warushaji wa Cubs, walioruhusu mbio (alama) 1.75 tu kwa kila awamu 9, yaani mechi nzima (zile za makosa ya walinzi hazihesabiwi), watawazima wapigaji wa zama zote, ilhali enzi ile kila timu ilipata mbio kwa shida. Tunataka mchezaji apimwe na wenzake wa msimu uleule. Babe Ruth, mpigaji wa Yankees, anatisha hata hivyo: homrani zake (mipigo ya kuzunguka vituo vyote) 60 za 1927 zilizidi za kila timu nyingine ya American League, moja ya ligi kuu mbili za Marekani!

Uchovu wa warushaji uwekeni kwenye zama za timu, siyo kisasa. Mkisahau, mrushaji Mordecai Brown wa Cubs atatolewa awamu ya 6, na Cubs hawana akiba ya kutosha. Yankees wa 1998 wao watoeni mapema tu, wana mrushaji Mariano Rivera wa kumalizia mechi.

Mpigaji wa kumwakilisha mrushaji alianza 1973. Timu moja ikiwa ya kabla ya hapo, warushaji wa pande zote wanapiga wenyewe.

Mafaili ya timu zenu yanifikie Ijumaa kabla ya saa 4 usiku. Nitaendesha mechi mojamoja na kutuma matokeo kamili hapa.