Barua kutoka Bristol: banda la farasi wa vita

Mjomba, shikamoo.

Umeuliza Waingereza waliwawekaje farasi wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, maana fundi wa banda la punda anataka kuziba kila upenyo. Mkataze.

Kambi ya Shirehampton, jirani na bandari ya Avonmouth, ilipitisha farasi na nyumbu zaidi ya laki tatu, wengi wa kutoka Marekani na Kanada. Walishuka melini wakikohoa, kamasi puani. Ndani ya banda lililofungwa, harufu kali ya mkojo iliwachoma mapafu na kikohozi cha mmoja kikawa cha wote. Waliolala nje, au chini ya paa lililo wazi mbele, walipona haraka.

Kabla ya kuchanganywa walipimwa glanda, ugonjwa unaoua hata mtu: maleini kidogo, dawa ya kupimia ugonjwa huo, ilidungwa kwenye ngozi ya kope la chini, wakangoja mpaka saa 48. Jicho likivimba na kutoa usaha, mnyama aliuawa.

Baridi kavu farasi huivumilia. Tope ndilo baya: ngozi ya nyuma ya kwato hupasuka, na ile nyama laini ya wayo huoza na kunuka. Walimwaga vipande vya matofali au changarawe, sakafu ikiinama kidogo kuelekea mtaroni. Mchanga mtupu usiweke, wanyama huulamba ukawajaa tumboni, wakagaagaa kwa msokoto.

Chakula: maji kwanza, nafaka baadaye. Farasi wa kupanda alipata kama kilo 5 na nusu za oti na kilo 4 na nusu za majani makavu kwa siku, kwa milo mitatu au zaidi, maana tumbo lake ni dogo. Aliyelishwa kwa mfuko wa kichwani alihitaji mtu wa kukaza mkanda kadiri nafaka inavyopungua. Vinginevyo hurusha kichwa kuifikia ya chini, nusu ikamwagika.

Huko kwetu Kondoa banda pekee lisingetosha. Farasi wa Jenerali van Deventer, kamanda wa Afrika Kusini aliyepigana na Wajerumani huko, mwaka 1916 walikwisha kwa mbung'o na kwa homa ya farasi inayoletwa na visubi. Punda homa hiyo huistahimili, ila mbung'o anamdhuru naye.

Basi fundi aache shubiri mbili wazi chini ya paa, na upande usiopigwa na mvua asijenge ukuta kabisa.

Wasalimie wote.

Mpwa wako